Filta ya UV kwenye lenzi: ni lazima au ni biashara ya wenye maduka?

MpigaPicha_Tanga: Wakuu, nimepata lenzi ya Canon 17-40mm f/4L iliyotumika, kwa ajili ya harusi na kazi za ufukweni. Muuzaji anang'ang'ania niongeze filta ya UV ya milimita 77, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi kuzuia miale ya jua isiyoonekana. Rafiki yangu anasema nitaharibu picha bure. Nimsikilize nani?

Jicho la Tatu: Okoa hela. UV ilisumbua enzi za filamu. Kamera ya dijitali ina kichujio chake mbele ya sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha.

Bi Lenzi: Kuhusu UV ni kweli, lakini kwa lenzi hiyo hasa, weka. Canon wenyewe wanasema haijazibwa sawasawa dhidi ya vumbi na maji mpaka ifungwe filta mbele. Mimi napiga picha Paje, ufukweni Zanzibar. Kusi ikivuma kioo kinaota ukungu wa chumvi. Ukiifuta kavukavu inakwaruza. Filta naivua, naisuuza kwa maji baridi, naikausha, kazi inaendelea. Lenzi utaiosha bombani wewe?

Ila ukumbini usiku, maharusi chini ya mataa, ivue. Kile kioo bapa kinarudisha mwanga, utaona vidoa vya kijani vinaelea juu ya shela. Na usinunue ile ya bei ya chipsi mayai, isiyo na tabaka la kuzuia mng'ao.

Jicho la Tatu: Na ikianguka?

Bi Lenzi: Filta huvunjika upesi kuliko kioo cha lenzi, na vipande vyake vinaweza kukikwaruza. Kwa kuanguka, tegemea hudi, ile kofia inayofungwa mbele ya lenzi.

MpigaPicha_Tanga: Asante dada. Hudi yake ni ipi?

Bi Lenzi: EW-83E.