Je, shule ulizosoma zilikukutanisha na watu wa aina gani?

Mtoto wa Uluguru ameuliza:

Ndugu zangu, shule ya msingi niliisoma kijijini, wilayani Mvomero, ambako karibu darasa zima lilikuwa la Waluguru, isipokuwa watoto wachache wa walimu waliohamia. Sekondari niliingia shule ya kata, nikakutana na walewale niliomaliza nao darasa la saba. Nilipopangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni mkoani Tabora ndipo nilipojikuta nalala katikati ya Mhaya, Muha wa Kasulu na Mmakonde wa Newala. Chumbani mwetu walikuwamo pia Mhehe na Mngoni, na utani ambao nilikuwa nimeusikia kwa wazee tu nikauona kwa macho: Mngoni alipopata habari ya kufiwa na babu yake, Mhehe alikaa kitandani kwake akimtania bila huruma, akidai urithi wake, mpaka mfiwa akacheka huku machozi yakimtoka. Hakuna somo la Uraia lililonifundisha hayo. Swali langu ni hili: mtoto anayeishia kidato cha nne katika shule ya kata, au anayesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea, atakutana wapi na watu wasiofanana naye?

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Kijana wangu, mchanganyiko huo haukuja wenyewe. Kabla ya uhuru shule zilitenganishwa kwa rangi, za Wazungu peke yao, za Wahindi peke yao na za Waafrika peke yao, na ni mwaka 1962 zilipounganishwa kuwa mfumo mmoja. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za madhehebu mikononi mwa serikali, na mtoto wa Kiislamu akaweza kupangiwa shule iliyojengwa na wamisionari bila kuulizwa dini yake. Nimefundisha katika shule za namna hiyo, na wakati wa Ramadhani nilikuwa nikiwaona wanafunzi Wakristo wa zamu wakiamka usiku kuwasha kuni za daku. Hata hivyo, nakusihi usizilaumu shule za kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, maelfu ya watoto, hasa wasichana, walipata nafasi ambayo mfumo wetu wa zamani haukuwa nayo, kwa sababu shule za bweni tulizojivunia zilikuwa za wachache mno.

Mama Kariakoo amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nakubaliana nawe kuhusu historia, ila mimi naona ukuta wa leo ni wa kipato kuliko kabila. Katika shule ya msingi ya serikali niliyosoma hapa Dar es Salaam, mtoto wa daktari na mtoto wa mchukuzi wa sokoni tulikaa dawati moja, tukafagia uwanja pamoja na kuchangia kifutio kimoja. Wanangu wanapanda basi la shule alfajiri na kurudi jioni, na wenzao wote ni watoto wa wazazi wanaomudu ada kama sisi. Kiingereza wanakijua, nami nafurahi, lakini hawamjui hata kwa jina mtoto wa nyumba ya tatu. Nimeanza kuwapeleka madrasa ya mtaani badala ya kumwita ustadhi nyumbani, na sababu yangu kubwa ni hiyo.

Msomaji wa Shinyanga amejibu:

Naomba tusiwasahau watoto wenye ulemavu. Mimi nina ualbino, na nilisoma darasa la kawaida kwa sababu mama yangu alikataa nipelekwe kituo maalumu, ingawa miaka ile ya mauaji ya watu wenye ualbino wengi walipelekwa huko kwa usalama wao. Mwalimu wa hesabu aliandika ubaoni kwa herufi kubwa na kunikalisha mbele, mbali na jua la dirishani. Yule wa jiografia hakufanya hivyo, nikawa nanakili kutoka kwa jirani yangu, ambaye alijizoesha kusoma kwa sauti ya chini kila anachoandika. Wenzangu waliosoma na mimi ndio hao leo wananiuzia na kununua kwangu. Waliosoma vituoni wananieleza kwamba kurudi kijijini kuliwawia vigumu, kwa kuwa hakuna aliyekua nao.

Mtoto wa Uluguru ameongeza:

Dada wa Shinyanga, asante. Je, huyo jirani yako alipangwa na mwalimu, au alijitolea mwenyewe?

Msomaji wa Shinyanga amejibu:

Alijitolea. Mwalimu aligundua muhula wa pili, akaturuhusu tuendelee.