Tupeane uzoefu: kuuandaa moyo kabla ya leba (Arusha na Moshi)

Binti Sakina: Wadau, khanga, glovu, pamba na mpira kila mtu anavijua. Moyo je, mnauandaaje, hasa uzao wa kwanza? Msinijibu "muombe Mungu" tu, hiyo ninayo.

Mkunga Majengo: Hofu inafanya kazi mwilini, mdogo wangu. Ukiogopa adrenalini, homoni ya woga, inapanda, inaikandamiza oksitosini, homoni inayoleta uchungu, uchungu unalegea, leba inarefuka. Kila usiku dakika 5: vuta pumzi puani ukihesabu 4, itoe mdomoni taratibu hadi 6, taya limelegea. Wengi hujifunzia leba, wanahema mbiombio mpaka vidole vinakufa ganzi na kizunguzungu juu. Halafu mtu mlango wa uzazi umefunguka sentimita 3 tangu asubuhi, anajiita mzembe. Uzembe gani? Leba yenyewe inahesabiwa kuanzia sentimita 5, na uzao wa kwanza inaweza kufika masaa 12 kutoka hapo.

Kibosho Juu: Kwetu mwanamke halii leba. Anajikaza.

Mkunga Majengo: Kujikaza huko ndiko kunakobana nyonga, shemeji. Guna kwa sauti nzito ya chini. Yowe ndilo linalomaliza pumzi.

Kibosho Juu: Guneni nyie wa mjini.

Chizi wa Unga Ltd: Woga wote wa nini? Kunywa ile mizizi ya kuongeza uchungu, umalize mapema.

Nesi wa Zamu: FUTA HIYO. Mizizi haina kipimo. Mji wa mimba unabana bila kupumzika, mtoto anakosa hewa. Mwenye kovu la upasuaji mji unaweza kupasuka, damu ikamwagikia tumboni. Aliyekwisha kunywa amwambie mkunga, hata akifokewa.

Chizi wa Unga Ltd: Mbona bibi zetu walikunywa?

Nesi wa Zamu: Waulize walizika wangapi.

Binti Sakina: Jamani, moyo!

Mama Njiro: Andika kwenye karatasi maneno ambayo ungemwambia mdogo wako akiwa leba, mpe atakayekusindikiza akusomee. Shirika la Afya Duniani linashauri mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe, ila uliza kliniki mapema, wodi isiyo na mapazia huenda wakakataa. Shangazi anayesimulia vifo abaki nyumbani apike mtori. Na ukipelekwa upasuaji usijilaumu: kondo likiziba njia, hakuna ujasiri wa kulisogeza.

Binti Sakina: Asante dada. Hilo la kupasuliwa ndilo linalonikosesha usingizi.

Nesi wa Zamu: Machozi ya siku ya 3 hadi ya 5 baada ya kujifungua ni ya kawaida. Yakizidi wiki 2, rudi kliniki, wasikwambie unadeka. Wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda saa hiyo hiyo.

Kibosho Juu: Mtori uwe wa ng'ombe lakini. Wa kuku ni supu tu.