Marantz 2230 ya marehemu baba au Pioneer SX-780: ipi nibaki nayo sebuleni?

Mwalimu wa Mamboleo, Kisumu

Wadau, nina risiva mbili, yaani redio na amplifaya ndani ya sanduku moja, na nafasi ya moja tu. Mama watoto amesema kabati la sebuleni si duka la mitumba, na akisema hivyo huwa hatanii.

Ya kwanza ni Marantz 2230 ambayo baba alirudi nayo kutoka masomoni Marekani mwaka 1974. Nimekua nayo. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma siku zote, ikafunuliwa Jumapili tu tukitoka kanisani. Lile gurudumu la kutafutia stesheni hatukuruhusiwa kuligusa. Mimi nililigusa mara moja nikiwa darasa la tatu, na mgongo wangu bado unakumbuka. Inatumia volti 120, kwa hiyo ina transfoma yake ya kupunguza stima, nzito kama jiwe la kusagia, na inanguruma.

Ya pili ni Pioneer SX-780. Niliinunua Milimani kwa familia iliyokuwa ikirudi Uholanzi. Hii unachomeka ukutani moja kwa moja. Ina mishale miwili ya wati inayoruka na muziki, na kijana wangu huketi akiitazama kama televisheni.

Nimezijaribu kwa spika zilezile. Kwenye redio Marantz ina sauti nzito, laini, kama mtu anayeongea akiwa ameshiba. Pioneer iko wazi zaidi, hata pumzi ya mtangazaji unaisikia. Nikiweka benga, Pioneer inaishinda kabisa: besi inapiga kifua na gitaa la solo linachomoka, ila baada ya saa moja masikio yamechoka. Tena upande wa kushoto hupotea, nikiigonga juu unarudi.

Kila ninaposoma naambiwa Marantz ina "joto". Ndilo hilo ninalosikia? Na wati 45 za Pioneer kwa 30 za Marantz, si tofauti kubwa hiyo?

Fundi wa Section 58, Nakuru

Mwalimu, salamu kutoka Nakuru. Nianze na redio, maana hapo watu wengi hudanganyika.

Stesheni ya FM huziinua sauti za juu kabla ya kurusha matangazo, halafu redio yako nyumbani huzishusha tena, ili ule mvumo wa "shhh" upungue. Marekani kipimo cha kazi hiyo ni maikrosekunde 75. Ulaya na sehemu kubwa ya dunia, hata kwetu, ni 50. Marantz yako ilitengenezewa soko la Marekani, kwa hiyo inashusha kuliko stesheni ilivyoinua. Ukifika kilohezi 10 umeshapoteza kama desibeli 3. Yaani unaisikiliza ikiwa imefunikwa blanketi. Fundi anayeweza kusoma mchoro atabadilisha kapasita mbili ndogo baada ya sehemu inayotenganisha kushoto na kulia, aweke zenye theluthi mbili ya thamani ya zile za zamani, na blanketi litaondoka. Kwenye santuri jambo hili halipo kabisa.

Wati: kwa Marantz za wakati ule tarakimu mbili za mwisho ndizo wati za kila upande. 2230 ni 30, 2270 ni 70. Kutoka 30 hadi 45 ni chini ya desibeli 2. Sauti isikike maradufu unahitaji wati kama mara 10. Hiyo 15 ya ziada haikununulii kitu sebuleni.

Kushoto kunakopotea ni rele ya kulinda spika, yaani swichi ya ndani inayojifunga yenyewe, au swichi chafu ya mbele. Acha kuigonga! Tumia spreyi ya kusafishia swichi, si ile ya kulegeza nati zenye kutu. Na uichunge hiyo Pioneer: nguvu yake inatoka kwenye vipande vya STK, saketi nzima ndani ya kipande kimoja. Kikiungua, vya asili havitengenezwi tena na feki zimejaa sokoni. Marantz ina transista za kawaida, iliyokufa unaing'oa unaweka nyingine.

Binti wa Lurambi, Kakamega

Mwalimu, leo wewe ndiwe mwanafunzi. Ulipozilinganisha, ulipima kwamba zote zinatoa sauti sawa? Ile inayosikika juu kidogo ndiyo sikio huiita nzuri, mara nyingi. Cheza toni ya hezi 400 kutoka kwa simu kupitia tundu la AUX nyuma ya risiva, pima volti za AC pale nyaya za spika zinapoingia, uzisawazishe. Kisha mtu mwingine abadilishe nyaya, mashine zikiwa zimezimwa, wewe usitazame.

Na kitufe cha Loudness, kile cha kuongeza besi, umekikagua?

Wa Kibuye Jumapili, Kisumu

Nyinyi mna bahati. Sansui yangu ni ya soko la Japani. Volti 100, na FM inaanzia 76 na kuishia 90, kama redio za magari yetu ya mitumba. Stesheni ninazopata hazimalizi vidole vya mkono mmoja. Lakini santuri, jameni!

Mwalimu wa Mamboleo, Kisumu

Nimerudi na aibu kidogo. Kitufe cha Loudness cha Pioneer kilikuwa kimebonyezwa tangu siku niliyoinunua. Nilipokitoa, besi ya kupiga kifua ilipungua na lile gitaa likarudi mahali pake.

Jumamosi tulifanya jaribio. Nilikaa na mgongo kwa kabati, mama watoto akibadilisha nyaya na kuguna. Nyimbo kutoka kwa simu, volti sawa. Kati ya mara 10 nilipatia 6 tu ni ipi inayolia, kama mtu anayebahatisha. Kijana alipatia 5, na yeye ndiye aliyeapa kwamba hata usingizini anaijua Pioneer.

Rele ilifunguliwa hapa Kondele. Midomo yake ilikuwa nyeusi kama sufuria ya githeri, na chini ya ubao kulikuwa na konzi nzima ya wale wadudu wadogo wa ziwani, wamekauka. Sasa kushoto kunalia bila kugongwa.

Basi Pioneer inaenda chumbani kwa kijana pamoja na mishale yake. Marantz inabaki, kapasita mbili zitabadilishwa mwezi ujao. Sharti la mama watoto ni transfoma ifungiwe ndani ya kabati, imemchosha kwa kunguruma.

Fundi wa Section 58, Nakuru

Usiifungie, inahitaji hewa. Risiva yenyewe pia, maana kama ilitengenezewa stima ya hezi 60 tupu ya Marekani, kwa hezi 50 zetu itapata moto zaidi. Transfoma iweke chini ya meza, mbali na sindano ya santuri, la sivyo mngurumo utausikia hadi kwenye spika.

Mwalimu wa Mamboleo, Kisumu

Chini ya meza analala paka. Nitaongea naye.