Gulet ya Bodrum au boti ya Viareggio: ulinganisho kwa familia inayoishi Ulaya

Mwana wa Kizingo (mwanzisha mada)

Salamu ziwafikie wanajukwaa wote. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na ninaishi Hamburg. Pamoja na kaka yangu aliyeko Bremen na dada yetu aliyebaki Mombasa, tumekubaliana kununua yoti ya mita 18 hadi 20 ambayo familia zetu zitaitumia majira ya kiangazi katika Mediterania, na ambayo, ikiwezekana, itakodishwa kwa watalii katika wiki ambazo hatupo ili ijisaidie gharama. Bajeti yetu ni yuro laki nne, nayo inapaswa kutosha bei, ukaguzi, usajili na kodi.

Njia zilizo mbele yetu ni tatu. Ya kwanza ni kujengesha gulet mpya, yaani yoti ya mbao ya jadi ya Kituruki yenye milingoti, huko Bozburun, kusini magharibi mwa Uturuki. Ya pili ni gulet iliyojengwa mwaka 2006 inayouzwa Bodrum kwa yuro laki tatu. Ya tatu ni boti ya faibaglasi yenye injini mbili, iliyotumika, inayouzwa Viareggio, Italia, kwa bei inayokaribiana na hiyo. Mimi naegemea gulet kwa kuwa nimekulia karibu na majahazi. Kaka yangu anasema kupenda mbao ni kupenda hasara. Naomba wenye ujuzi watulinganishie.

Fundi wa Shela

Ndugu yangu, kabla ya kulinganisha mbao na faibaglasi, linganisheni mbao na mbao. Gulet za jadi zina mataruma (mbavu za chombo) na mbao za ubavu za msonobari wa Kituruki, zilizopigiliwa misumari ya chuma yenye zinki na kukalafatiwa, yaani kuzibwa mianya, kwa pamba. Nyingi za miaka ya karibuni zimejengwa kwa tabaka nyembamba za mbao, mara nyingi mkangazi, zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi. Ya aina ya kwanza hutaka kupandishwa chelezoni kila mwaka na kupitiwa na fundi anayejua kalafati, na mafundi hao katika Bodrum na Bozburun bado wapo. Ya aina ya pili huvumilia zaidi, lakini maji yakishapenya kwenye tabaka, matengenezo yake ni ya kukata na kujenga upya. Muulizeni dalali chombo hicho cha mwaka 2006 ni cha aina gani, na jibu lake mlitake kwa maandishi.

Watu wengi huogopa maji ya chumvi, ilhali kinachoozesha chombo cha mbao ni maji ya mvua na ya bomba. Gulet ya kukodisha huwa na bafu kwa kila chumba cha kulala, hivyo chombo cha vyumba vitano kina mabafu matano yanayovuja polepole nyuma ya vibao vya urembo ambako hakuna anayetazama. Mkaguzi wenu avue vibao hivyo. Apige nyundo kwenye mataruma ya upande wa tezi (nyuma ya chombo), atazame mbao zilizo chini ya sitaha pale inapokutana na ubavu, na ang'oe misumari michache aone imeliwa kiasi gani. Mkuku, ule uti wa chini wa chombo, mara nyingi huwa wa mvule, na huo si wa kutia wasiwasi sana. Muuzaji akikataa msumari kung'olewa, amekwisha kuwajibu.

Kama mngekuwa watu wanne tu ningewashauri tirhandil, chombo chenye ncha mbele (omo) na nyuma (tezi) ambacho wazamiaji wa sifongo wa Bodrum walikitumia, kwa maana hicho hutembea kwa tanga kwelikweli. Gulet ina milingoti miwili ya kupendeza, na bado safari zake nyingi ni za injini. Lakini familia tatu hazienei ndani ya tirhandil.

Bi Rehema wa Izmir

Kaka, Fundi amesema vyema kuhusu mbao, ila mimi naona swali lenu la kwanza ni la karatasi, na karatasi zinaweza kuitupa mipango yenu nje kabla hata ya kufika kwenye mbao.

Kuhusu kukodisha, Uturuki ina sheria ya kabotaji ya mwaka 1926 inayohifadhi biashara ya kubeba abiria kati ya bandari zake kwa vyombo vyenye bendera ya Uturuki, na bendera hiyo, kwa ujumla, ni ya raia wa Uturuki au kampuni ambazo wao ndio wenye sauti kubwa. Mkipeperusha bendera ya nje, yoti yenu itakuwa ya binafsi: mtapika, mtaogelea, mtalala, lakini hamtachukua nauli ya mtu. Wapo watakaowaambia kwamba hili linapitika kwa kuwaita wateja kuwa ni marafiki. Msiwasikilize, kwa sababu bima haitatambua urafiki huo siku ya ajali.

Kuhusu kodi, Bodrum na kisiwa cha Kos, Ugiriki, vinatazamana, na hakuna mwenye yoti Bodrum asiyetaka kuvuka. Mkivuka mmeingia Umoja wa Ulaya. Mwenye makazi nje ya Umoja anaweza kuingiza chombo chake kilichosajiliwa nje kwa matumizi binafsi hadi miezi 18 bila kulipa VAT. Wewe unayeishi Hamburg huna nafasi hiyo. Utatakiwa kulipa VAT ya kuingiza chombo, ambayo Ugiriki ni asilimia 24, yaani yuro 72,000 juu ya gulet ya laki tatu. Umoja wa forodha kati ya Uturuki na Ulaya hupunguza shida ya ushuru wa forodha, VAT hauigusi.

Lipo pia suala la alama ya CE, inayoonyesha kwamba chombo kimetimiza masharti ya Ulaya. Vyombo vya burudani vyenye urefu wa mita 2.5 hadi 24 vinavyoingizwa katika soko la Ulaya hubanwa na Maelekezo ya 2013/53/EU, hata kama vimetumika. Gulet iliyojengwa kwa ajili ya abiria wa kulipa msidhani kwamba inayo. Ikiwa haina, itabidi ikaguliwe upya na taasisi iliyoidhinishwa, nayo si kazi ya wiki moja.

Baharia wa Livorno

Nami niitetee kidogo Viareggio, ingawa si kwa kila kitu. Mji ule umejenga vyombo tangu enzi za seremala wa shoka na tezo. Kiwanda cha Benetti kilianza mwaka 1873. Leo viwanda vyake vinaishi kwa yoti kubwa za mita 30 na kuendelea, na mwenye chombo cha mita 18 hupangiwa foleni ya nyuma. Faida yake ni mafundi wadogo walio pembezoni mwa viwanda hivyo, wa umeme, wa injini na wa mapambo, ambao kwa ustadi sijaona wa kuwazidi.

Boti mnayoiangalia ina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba huenda VAT yake ilishalipwa Ulaya. Dai ankara ya kwanza kabisa. Boti nyingi za Italia zilinunuliwa kwa mikataba ya ukodishaji wa kifedha, ambapo kampuni ya fedha hubaki mmiliki hadi malipo yaishe, kwa hiyo hakikisheni mkataba huo ulimalizika na umiliki ukahamishwa. Upande wa gharama, injini mbili za boti ya mwendo kasi ya ukubwa huo hunywa zaidi ya lita 200 kwa saa, wakati gulet inayokwenda mwendo wa jahazi hutumia sehemu ndogo tu ya hizo.

Njia ya kujengesha ningeifuta. Mfumuko wa bei wa Uturuki ulizidi asilimia 85 mwezi Oktoba 2022, na fundi aliyekubali bei kwa yuro huku akilipa vibarua kwa lira hukwama katikati ya kazi. Jina kubwa nalo si kinga: kampuni ya kujenga yoti ya Perini Navi ya huko Viareggio ilitangazwa kufilisika mwaka 2021. Bila dhamana ya benki kwa kila awamu ya malipo, mteja anabaki na mifupa ya chombo.

Mswahili wa Maskati

Mbona mnajisumbua? Isajilini kwa jina la dada aliyeko Mombasa, usajili uwe wa Zanzibar, bendera ya Tanzania, na miezi 18 mtaipata.

Bi Rehema wa Izmir

Ndugu wa Maskati, forodha haisomi jina lililo kwenye hati peke yake. Humtazama pia anayeshika usukani. Msamaha ule ni wa chombo kinachotumiwa na wenye makazi nje ya Ulaya, na mkazi wa Hamburg anayezunguka nacho wakati dada yuko Mombasa atakamatwa akiwa na chombo kisicholipiwa kodi. Dada akiwemo ndani, mambo ni tofauti. Ama bendera, Tanzania imekuwa miaka mingi katika orodha nyeusi ya Mkataba wa Paris unaosimamia ukaguzi wa meli bandarini. Orodha hiyo ni ya meli za biashara, lakini ofisa wa bandari na kampuni ya bima huikumbuka waionapo bendera.

Mwana wa Kizingo

Nawashukuru nyote. Tumezungumza nyumbani usiku huu. Kujengesha tumekufuta, na kukodisha pia tumekuacha. Dada hawezi kukaa Ulaya kiangazi kizima, kwa hiyo suala la jina lake limekufa. Kaka bado anaitaka boti ya Viareggio, na nimemwambia alete ankara ya VAT kwanza. Mimi nimemwandikia dalali wa Bodrum maswali mawili: aina ya ujenzi na alama ya CE. Akijibu vizuri, tutasubiri gulet ipandishwe chelezoni msimu utakapokwisha, tulipie ukaguzi, kisha tumpe muuzaji bei ambayo ukiijumlisha na VAT ya Ugiriki haivuki laki tatu na nusu, ili kibaki kitu cha kuvulia vibao vya mabafu.

Fundi wa Shela

Mkaguzi awe wa kwenu, asiwe wa dalali.