Kuhamia mji mdogo wa pwani kwa ajili ya kazi ya sanaa: Bagamoyo, Pangani au Lamu?

Swali – fundi wa batiki, Dar es Salaam

Ndugu zangu, salaam aleikum na poleni na kazi.

Mimi na mume wangu tumekubaliana kuondoka Dar es Salaam kabla mtoto wetu wa kwanza hajaingia darasa la tano. Mimi ni fundi wa batiki, na mume wangu hutengeneza ngoma na zeze, huzipiga, na hufundisha watoto pale anapopata nafasi. Nyumba tunayopanga haina uwanja. Nta naiyeyushia jikoni, vitambaa naanika kwenye kamba ya jirani kwa hisani yake, na moshi wa nta pamoja na harufu ya haidrosi, dawa ya kuchanganyia rangi, vimekwisha kutugombanisha na wapangaji wenzetu zaidi ya mara moja. Mume wangu naye hawezi kuwamba ngozi wala kuijaribu ngoma baada ya magharibi bila mtu kugonga mlango.

Tunatafuta mji mdogo ambao mtu anayeishi kwa sanaa hachukuliwi kuwa mtu asiye na kazi, ambao una uwanja na maji, na ambao watoto wetu watakua wakiwaona watu wazima wengine wakifanya kazi kama zetu. Tumefikiria Bagamoyo kwa sababu ya chuo chake, Pangani kwa sababu ya utulivu, na Lamu kwa sababu mume wangu ana ndugu wa upande wa mama yake huko. Kila tunayemuuliza hutuambia habari za matamasha, lakini tamasha ni la siku chache, nasi tutakuwa na kodi na karo za mwaka mzima. Naomba wanaoishi katika miji hiyo watueleze hali ilivyo katika miezi ambayo hakuna mgeni, kwamba nani hununua kazi za mafundi, na kama mgeni asiye na ukoo hapo hupokewa katika ufundi au huachwa pembeni.

Natanguliza shukrani.

Jibu – mpiga ngoma, mkaazi wa Bagamoyo

Dada, karibu, na umeuliza swali ambalo watu wengi hulikumbuka baada ya kushusha mizigo.

Sifa ya Bagamoyo kama mji wa sanaa haikutokana na utalii wala magofu. Imetokana na Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Kwa miaka yote hiyo walimu wamehamia hapa na familia zao, na wahitimu wengi hawakurudi walikotoka bali wameunda vikundi vya ngoma, maigizo na sarakasi mitaani. Ndiyo maana mtu akipita jioni amebeba zeze begani hapa hakuna anayegeuka kumtazama. Marehemu Hukwe Zawose, aliyetoka Ugogo, aliishi na kupiga ilimba, marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, hapa hadi alipofariki mwaka 2003, na ukoo wake unaendelea na muziki huo mjini. Kwa hiyo kwa mumeo jibu langu ni rahisi: atapata watu wanaoweza kuushika mkono wa zeze lake na kumweleza kasoro iko wapi, na watoto wenu watakua wakiuona ufundi kuwa kazi kama uvuvi au ualimu.

Kwa upande wako, dada, lazima niseme ukweli kwa kirefu kidogo. Mizizi ya mji huu imo zaidi katika sanaa za jukwaani kuliko katika vitambaa na picha, ingawa chuo hufundisha pia uchoraji na uchongaji. Wageni wetu wengi ni wa kutwa, wakiwemo wanafunzi na familia kutoka Dar es Salaam wanaokuja kuona magofu ya Kaole, Ngome Kongwe na misheni ya Wakatoliki iliyoanza mwaka 1868. Hufika asubuhi, huondoka alasiri, na hununua vitu vidogo vinavyoingia mkobani. Tamasha la Bagamoyo, ambalo lina historia tangu mwaka 1982, huleta wanunuzi wa kweli, lakini anayeshona kwa ajili ya tamasha peke yake hukaa na mzigo kabatini muda mrefu. Kipande kikubwa cha batiki, cha kutundika ukutani au cha kushona gauni la heshima, bado utakiuza Dar es Salaam. Nafuu ya Bagamoyo ni kwamba Dar es Salaam iko umbali wa kilomita 70 hivi kwa barabara ya lami, hivyo unaweza kuishi na kufanya kazi hapa, ukapeleka mzigo siku moja kwa wiki na kurudi jioni.

Kuna soko moja ambalo wageni hawalioni, nalo ndilo ningeanza nalo mimi. Vikundi vya ngoma huhitaji mavazi, kila kikundi kinataka rangi zake, na mavazi ya jukwaani huchakaa upesi kwa jasho na kufuliwa. Kwaya za makanisa na shule nazo huagiza sare. Fundi anayeweza kutoa vitambaa 20 vya mchoro mmoja bila rangi kutofautiana kati ya cha kwanza na cha mwisho atapata kazi hata wakati wa masika, mradi awe na paa la kukaushia.

Kuhusu nyumba, nyumba za zamani za mawe zina ua mzuri wa kufanyia kazi, lakini usitoboe ukuta wala kujenga banda kabla ya kuuliza, kwa kuwa majengo mengi ya Mji Mkongwe ni ya kihistoria na yanasimamiwa kwa sheria za mambo ya kale. Kiwanja msikimbilie kununua. Mpango wa bandari ya Mbegani, ambao umekuwa ukisitishwa na kufufuliwa, umewafanya watu wengi kununua ardhi kwa matarajio, na kipande kimoja huweza kuuzwa kwa watu wawili. Pangeni kwanza, na mkifikia kununua, anzieni ofisi ya ardhi ya wilaya hata kama muuzaji ana karatasi yenye mihuri ya kutosha.

Jibu – fundi wa kuchonga, Lamu

Dada yangu, mimi nachonga milango na viti, na natamani nikukaribishe Amu, yaani Lamu, moja kwa moja, ila ni haki yako kwanza uuelewe mji ulivyo.

Uzuri wa Lamu ni kwamba sanaa hapa hununuliwa na wenyeji. Mtu akijenga nyumba hutaka mlango wa mbambakofi wenye nakshi, bwana harusi hutaka kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono, na mvuvi huenda kijiji cha Matondoni kutengenezewa chombo cha baharini. Mji ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, kazi hizi zilikuwapo tayari, na mafundi hawakuzianzisha ili kuwapendeza wageni. Kwa hiyo swali lako la nani hununua miezi ya ukimya lina jibu hapa, lakini jibu hilo linawahusu mafundi wa vitu ambavyo desturi ya mji inavitaka. Batiki si miongoni mwavyo. Wanawake wetu huvaa leso na buibui, na mapambo ya nyumba ni ya mbao, chokaa, mikeka na vyombo. Ungekuwa unategemea hoteli na nyumba za wageni zilizotengenezwa upya, na nyingi kati ya hizo hufungwa mvua kubwa zinapoanza na bahari ya kusi inapochafuka, yapata Aprili hadi Juni.

Ufundi hapa hupitishwa kwa baba, mjomba na ustadhi. Kijana hukaa karakanani akipiga msasa na kufagia vumbi, kisha hupewa patasi na kipande kisicho na thamani, na akipita hapo ndipo hupewa ukingo wa mlango, sehemu ambayo kosa lake laweza kufichwa. Mgeni hukubaliwa, nami nimewaona waliokubaliwa, ila ni kwa kukaa na kwa adabu, na ndugu wa mama mkwe wako watakuwa msaada mkubwa kuliko barua yoyote. Mume wako asitarajie kupiga kila mahali. Wakati wa Maulidi, ambayo yameshikamana na Msikiti wa Riyadha na huvuta watu kutoka pwani nzima, utasikia matari na kuona goma la fimbo, lakini ngoma hizo zina wenyewe na zina mpangilio, na mtu huingia kwa kualikwa.

Mizigo ifikirie pia. Mji hauna barabara za magari, kila kitu huvuka kwa mashua kutoka Mokowe, kisha hubebwa na punda au hamali. Kitambaa ni chepesi, lakini mafuta ya taa, nta na pipa la rangi vitakuongezea gharama kila vikifika. Na kwa kuwa nyinyi ni raia wa Tanzania, mtahitaji kibali cha kuishi na kufanya kazi Kenya, jambo ambalo ni bora likamilike kabla ya kuwaandikisha watoto shule.

Jibu – mwalimu, Pangani

Nitasema kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Pangani ina mto, ina majengo ya kale yanayovutia mchoraji, na ina utulivu mliosema mnautafuta. Haina chuo cha sanaa, na vifaa vya kazi vingi huagizwa Tanga. Mtu ambaye tayari ana wanunuzi wake nje na anahitaji tu mahali pa kufanyia kazi ataipenda sana. Familia inayotaka watoto waone wasanii wengine kila siku itajisikia peke yake. Barabara ya kutoka Tanga hadi Bagamoyo kupitia Pangani na Saadani ikikamilika, hali itabadilika, lakini msihame kwa kutegemea barabara.

Jibu – mpiga udi, Unguja

Nashangaa hamkuitaja Zanzibar. Najua Mji Mkongwe si mji mdogo kwa maana mnayoikusudia, lakini kwa mwanamuziki sioni mahali pengine pa kulinganisha. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi hufundisha udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi), fidla na ngoma kwa vijana na watu wazima, klabu za taarabu zinaendelea na mazoezi, na Ikhwani Safaa ina historia tangu mwaka 1905. Sauti za Busara huvuta wasikilizaji kila Februari tangu 2004. Wanunuzi wa batiki wapo karibu mwaka mzima.

Hata hivyo simshauri dada ajifunge na duka katika mitaa ya Shangani au Hurumzi. Kodi ni kubwa, na maduka yamejaa picha zilizonakiliwa kiasi kwamba mteja hufika akiwa tayari amekwisha kusikia bei ya chini kwa jirani. Waliofanikiwa ninaowafahamu wanaishi nje ya mji, wanafanya kazi katika ua wao huko shamba, na wanauza kwa hoteli au maduka machache yanayoheshimu jina la fundi. Mtu wa bara anayetaka kuishi hapa aanze kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia (mtaa) atakayohamia, kwa sababu mambo mengi ya ukaazi hupitia kwake, na akimjua mapema atapunguza usumbufu.

Ndugu wa Bagamoyo amesema sawa kuhusu mavazi ya vikundi, ila naongeza kwamba vikundi huchelewa kulipa. Chukua nusu ya fedha kabla ya kuchovya kitambaa.

Aliyeuliza

Nawashukuru wote. Maelezo kuhusu Lamu yamenisaidia kuelewa kwamba tungeuhitaji mji kuliko mji ungetuhitaji, na mume wangu ameyasoma akakubali kwamba huko tutakwenda kusalimia ndugu. Tunaelekea Bagamoyo, kwa kupanga. Limebaki jambo la maji: batiki hunywa maji mengi, hasa wakati wa kuchemsha kitambaa kutoa nta na kukisuuza, na nimesikia visima vya karibu na bahari vina chumvi. Je, hili limewasumbua mafundi wa huko?

Jibu – mpiga ngoma, mkaazi wa Bagamoyo

Visima vilivyo karibu na ufukwe vingi vina chumvi kweli, na chumvi huzidi kiangazi. Kwa hiyo usikubali nyumba kwa kuonja maji ya bomba siku ambayo yanatoka. Chukua dumu moja la maji ya kisima cha nyumba hiyo, rudi nayo Dar es Salaam, uchovye vipande viwili vya kitambaa kilekile kwa rangi ileile, kimoja kwa maji hayo na kingine kwa maji unayoyatumia sasa, uvisuuze na kuvianika pamoja, kisha uvitazame vikiwa vikavu. Kama rangi imekubali, tumia kisima kwa kusuuza na uwe na tenki la mvua kwa kuchanganyia rangi. Pia mwambie mwenye nyumba waziwazi, na iandikwe katika mkataba, kwamba ua utatumika kwa nta na rangi, na mkubaliane maji machafu yenye kostiki, ile magadi kali ya kuchanganyia rangi, yatamwagwa wapi, mbali na kisima chake na cha jirani. Mkataba ukae na nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mumeo akija kutazama nyumba, aje na zeze.