KAPASUA KADI YA 1983 KWA MENO. KWA MENO WAKUU!

Wakuu leo siwasalimii, mikono inatetemeka hapa. Yule jamaa wa Mwanga, hapahapa Kigoma, mnamjua wote, yule mwenye kibanda umiza anayejifanya kila muvi kaicheza yeye, sina haja ya kumtaja, hata kuku wa Kibirizi wanamjua. Sasa hivi, hata saa haijaisha, kachukua kidoli changu cha Star Wars ambacho hakijafunguliwa tangu kitoke kiwandani 1983, akakipasua kwa meno.

Kwa meno.

Kidoli chenyewe ni Gamorrean Guard, yule askari mnene wa kijani mwenye shoka, Kenner, kampuni ya vidoli ya Marekani, walimtoa ile muvi ya tatu ilipotoka. Kadi, yaani lile boksi bapa la karatasi ngumu ambalo kidoli kimegundishwa kwa plastiki, imenyooka, plastiki ya mbele haijageuka njano, hata kile kitobo cha kuning'inizia dukani kilikuwa bado hakijatobolewa, maana yake hakijawahi kutundikwa popote, wanaokusanya mnajua kadi ya hivyo inavyosumbua kuipata. Miezi kumi na nne nalipa kidogokidogo, laki tatu na nusu, kikatoka Marekani kikafika Dar, binamu yangu akapanda nacho treni kakipakata kama kichanga, hakukiweka hata kule juu kwenye mizigo, Dodoma, Tabora, mpaka huku mwisho wa reli kimefika kizima. Kinakuja kuuliwa Mwanga mchana kweupe!

Na kukiomba kaomba mwenyewe. "Kaka lete nikione nikipige picha." Nikampa kwa mikono miwili nikamwambia shika pembeni, plastiki usiibonyeze. Nageuka kuchukua chenji ya soda nasikia PWAAA. Nacheki, kadi iko kwenye magego anaivuta kama anamenya mua. Ile gundi imeshika miaka zaidi ya arobaini, imekuja kushindwa na mdomo unaonuka mgebuka! Halafu kipande cha kadi akakitema. Wakuu alikitema, chini, akakikanyaga, ananiambia "sasa dogo atakichezeaje kikiwa humo ndani?" Dogo wake kashachukua shoka anachokolea dagaa.

Asije mtu hapa kuniambia kidoli si bado kizima. Vilivyo nje ya kadi viko kibao, kadi ndo mali, ikishapasuka imepasuka, gundisha unavyojua mkusanyaji akiishika tu kashajua. Siombi ushauri. Nataka mji mzima ujue alitumia MENO.

Mgebuka Mkavu: Pole mkuu ila nimemwaga chai. Laki tatu na nusu si mbuzi wawili na chenji? Mbuzi angempasua kwa meno tungekuwa tunakula.

Ujiji Kwetu: Ngoja kwanza, huyo askari si ndo yule mwenye sura ya nguruwe? Na jamaa kamtia mdomoni? Kashapata adhabu yake, funga uzi.

Mleta uzi: Aliyotia mdomoni ni KADI. Soma kwanza.

Babu Reli: Hao Kenner Krismasi ya 1977 vidoli havikuwa tayari, wakauza bahasha ya kadibodi yenye cheti ndani, watoto wakasubiri vidoli vinne vije kwa posta 1978. Watoto walivumilia bahasha tupu, we una kidoli mkononi unalia.

Mleta uzi: Na hiyo bahasha angeitafuna.

Fundi Gungu: Mkuu kimbilia shoka. Silaha zikipotea utauziwa feki. Ukitaka kupima ziweke kwenye maji, orijino nyingi zinaelea, feki nyingi zinazama.

Mleta uzi: Liko kwenye dagaa nakwambia!

Kaseti Moja: Afadhali wewe. Mimi huyohuyo nilimwazima kaseti yangu ya gemu ya E.T. ya Atari, ya 1982, mwaka wa tatu sasa hajarudisha, ukimuuliza anasema gemu lenyewe baya.

Babu Reli: Hapo hajadanganya. Atari wenyewe walizizika jangwani New Mexico 1983, zikaja kufukuliwa 2014.

Kaseti Moja: Zilizozikwa si zangu. Anirudishie.

Mama Katonga: Huyo huyo kaazima kwangu viti kumi vya msiba, vimerudi saba, kimoja kina mguu wa mti.

Mgebuka Mkavu: 😂😂 mguu wa mti

Unyanyembe: Nyie wa Kigoma mnadeka. Huku Tabora kuna mama wa asali pale stendi, mnamjua, kaniuzia lita tano nafika nyumbani nusu dumu sukari.

Ujiji Kwetu: Wa dumu la njano??

Unyanyembe: Huyohuyo!

Mama Katonga: Ana khanga ya kijani? Kanipiga na mimi mwezi wa nne nikipita na treni.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Alivuta kwa magego. Akatema.

Fundi Gungu: Ila asali halisi nayo inaganda, msimuonee mama wa watu.

Unyanyembe: Inaganda hivyo? Nusu dumu? Subiri niweke picha.

Mama Katonga: Weka. Na mimi yangu bado ipo kabatini, naileta.