Kutambua muziki wa klasiki kwa klipu ya sekunde 10: mnakata wapi, mnasikiliza nini?

Kinubi_Tanga:
Habari wakuu. Tuna kikundi cha WhatsApp cha kutambua muziki wa klasiki: mmoja anatuma klipu ya sekunde 10, wengine wanataja mtunzi, kazi na sehemu yake. Klipu zikikatwa kwenye wimbo mkuu, mwenye kumbukumbu nzuri anajibu papo hapo na wengine hawajifunzi kitu. Zikikatwa katikati, watu wanarusha majina tu. Konseto za piano (piano ikipigwa na orkestra) za Grieg na Schumann zinachanganywa kila mara, na kwateti za nyuzi (fidla mbili, viola na selo) za Debussy na Ravel vilevile. Mnasikiliza nini kwanza? Na anayetayarisha klipu akate vipi ili mchezo uwe wa haki?

Besi_ya_Pili:
Mkuu, jina la mtunzi lije mwisho. Anza na ala: nani anapiga? Klarineti ikisikika, mfute Bach. Vivaldi naye aliiandikia mara chache mno. Trombone nazo zinasema mengi. Beethoven alizileta kwenye Simfoni ya 5 (1808), lakini zinakaa kimya mpaka sehemu ya nne. Brahms alifanya vivyo hivyo kwenye Simfoni ya 1 (1876). Kwa hiyo klipu yenye trombone haiwezi kuwa sehemu ya kwanza ya mojawapo ya hizo mbili, hata iwe na ghadhabu kiasi gani.

Grieg na Schumann: zote ziko A maina, na zote zinaanza kwa piano kuporomoka kutoka juu. Si bahati. Grieg alisoma Leipzig, na huko alimsikia Clara Schumann akiipiga konseto ya mumewe. Tofauti iko mwanzo kabisa. Grieg (1868) anaanza na mngurumo wa timpani (ngoma kubwa za orkestra) unaokua, ndipo piano inashuka kwa okteva, kwa solfa: l se m. Schumann (1845) hana mngurumo: orkestra inapiga pigo moja kali, piano inateremka kwa mikono yote miwili, kisha obo inaimba d t l l. Aliyekata klipu akipoteza sekunde 3 za mwanzo, amefuta ushahidi mkubwa kuliko wote.

Debussy (1893) na Ravel (1903): watu hukwama sehemu ya pili, kwa sababu kote nyuzi zinadonolewa kwa vidole. Msikilize mpiga viola. Kwa Debussy, baada ya midonoo michache viola inashika upinde na kurudiarudia kijipande kimoja huku wenzake wakiendelea kudonoa. Kwa Ravel wote wanne wanadonoa, wimbo ukiwa kwa fidla ya kwanza, na hesabu inayumba kati ya mbili na tatu. Ukijaribu kupiga makofi ukajikuta hujui uhesabu mbili au tatu, andika Ravel.

Fundi_Sauti:
Nijibu upande wa kukata. Tumia Audacity (programu ya kuhariri sauti), na faili iwe WAV au FLAC, zisizopunguza ubora wa sauti. Sawazisha sauti ya sehemu *nzima* kwanza (-23 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, inatosha), halafu ndipo ukate. Wengi wanakata kwanza, kisha wanasawazisha klipu. Matokeo yake selo na besi zinazonong'ona mwanzoni mwa simfoni ya Schubert isiyokamilika zinatoka kwa nguvu kama za Brahms, pamoja na mvumo wa ukumbi. Hapo umewadanganya wasikilizaji.

Mwanzo wa klipu weka mfifio (sauti ipande taratibu) wa milisekunde 20 kuzuia mlio wa "tik", mwisho ishuke kwa nusu sekunde. Usigeuze kuwa mono (sauti ya njia moja), maana mpangilio wa fidla kushoto na kulia ni dokezo. Hamisha kama MP3 ya 192 kbps. Sekunde 10 ni kama KB 240, haimli mtu bando. Kabla ya kuhifadhi, futa jina la kazi na la msanii kwenye taarifa za faili, kisha liite "klipu07" basi. Jina likibaki humo, simu nyingi zinalionyesha kabla hata sauti haijaanza.

WhatsApp tuma kama dokumenti. Ujumbe wa sauti unabanwa mno, na vinavyokufa kwanza ni sauti za juu zinazotofautisha obo na klarineti.

Solfa_Kwanza:
Nakubaliana na yote, ila msiache kabisa kukata mwanzo. Tumeni klipu tatu za kazi ileile: sekunde 3 kwa pointi 5, sekunde 10 kwa pointi 3, sekunde 20 kwa pointi 1. Simfoni ya 40 ya Mozart kwa sekunde moja tu: nyuzi za chini zinatetemeka kabla fidla hazijaingia na f m m, f m m, f m m d'. Anayesubiri wimbo amechelewa.

Waliokulia kwaya waandike solfa wanachosikia kabla ya kutaja jina lolote. M m m d, r r r t, mwanzo wa Simfoni ya 5 ya Beethoven, haimpotezi mtu. Largo ya Dvořák (sehemu ya pili ya Simfoni ya 9, 1893), m s s, m r d, ni rahisi mno. Badala yake, toa klipu kwenye milio ya ala za shaba inayoitangulia.

Kinubi_Tanga:
Asanteni sana. Swali moja: kuna mwenzetu anayetambua ufunguo (nota ya msingi ya muziki) kwa sikio tupu. "Spring" ya Vivaldi aliisikia iko E bemoli, akakataa kuwa ni yenyewe.

Besi_ya_Pili:
Sikio lake liko sawa, tatizo ni rekodi. "Spring" iko E meja, lakini vikundi vingi vinavyotumia ala za kale huweka A, nota ya kupatanishia ala, kwenye hezi 415 badala ya 440, yaani nusu toni chini, ndiyo maana E ikasikika E bemoli. Baadhi ya rekodi za muziki wa Kifaransa hushuka hadi 392, toni nzima. Anayetuma aandike "415" pembeni ya namba ya klipu. Na ukisikia fidla zisizo na mtetemo mwingi, nyuzi zenye mkwaruzo kidogo na harpsikodi (kinanda cha kale) chini yake, ongeza nusu toni kichwani kabla ya kutaja ufunguo.